Mkono Upigao Umefunzwa na Nani?

Usiku mmoja, darsa yetu ilipokwisha na watu walipokuwa wakingojea kahawa, mzazi mmoja alituuliza suala ambalo hatukuweza kulijibu palepale. Alisema: "Nina mwana wa miaka minane. Chuoni huwapiga wenzake, nyumbani humpiga mdogo wake, na juzi alimrushia kikombe mtumishi wetu kikampasua uso. Kila anapopiga nami humpiga, na kila ninapompiga huzidi. Nataka kujua: kosa hili ni lake au ni langu?"

Waliokuwapo walimjibu kila mmoja kwa rai yake. Wa kwanza alimwambia azidishe bakora, maana dawa isiyotibu ni ile iliyopunguzwa kipimo. Wa pili alisema mtoto wa kiume hana budi kuwa mkali, na akikua atatulia. Wa tatu alisema ukali ule ni wa damu, kwa kuwa ami yake naye alikuwa vivyo hivyo. Mwenye kuuliza alizishukuru rai zote tatu, kisha akaondoka na dhiki yake kama alivyokuja nayo. Tuliona haya. Tulimwahidi kuwa tutalichungua jambo hili kwa wenye elimu na kwa wenye uzoefu, na jawabu tutalitia katika jarida hili, kwa kuwa twajua si yeye peke yake aliye na mwana wa namna hiyo. Leo twaitekeleza ahadi.

Suala lake lina mafundo matatu, na mtu hawezi kulifungua la tatu kabla ya mawili ya mwanzo. Fundo la kwanza: ukali wa mtoto watoka wapi? La pili: ukitoka huko utokako, nani wa kuulizwa juu yake? La tatu: lipi la kutendwa?

Tuanze na la kwanza. Mwaka 1961, huko Stanford nchini Marekani, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye Albert Bandura pamoja na wenziwe walichukua watoto 72 wadogo, nusu wavulana na nusu wasichana. Baadhi yao walionyeshwa mtu mzima akilipiga na kulitukana sanamu kubwa la kupulizwa. Baadhi walimwona mtu mzima akicheza kwa utulivu, na waliobaki hawakuonyeshwa mtu yeyote. Kisha kila mtoto alitiwa katika chumba chenye sanamu lile na vitu vingine vya kuchezea. Waliomwona mkubwa akipiga walipiga zaidi kuliko wenzao, na wengi wao waliiga hata namna ya kupiga na maneno ya kutukana. Hapakuwa na mtu aliyewafundisha kwa ulimi, wala hapakuwa na aliyewaahidi zawadi. Waliona tu, nao wakatenda walivyoona.

Mtu akiishia hapo atasema: basi jambo limekwisha, mtoto mpigaji amefunzwa kupiga. Walakini haliishi upesi hivyo. Katika mji wa Montreal, Kanada, mtaalamu Richard Tremblay aliwafuatilia wavulana 1,037 tangu mwaka 1984, walipokuwa katika darasa la chekechea, mpaka wakawa watu wazima. Mwaka 1999 yeye na mwenziwe Daniel Nagin walitoa hesabu yao. Walioendelea kuwa wapigaji wakubwa tangu umri wa miaka sita hadi kumi na mitano walikuwa kiasi cha wanne tu katika kila mia. Wengi waliokuwa wakipigana utotoni waliacha kadiri walivyokua. Tena wataalamu hao walipowatazama watoto wachanga zaidi, waliona kwamba umri ambao binadamu hupiga, huuma na husukuma kwa wingi kuliko umri wowote si ujana, bali ni baina ya miaka miwili na minne. Kila mama ajua hayo bila ya kwenda Montreal. Mtoto wa miaka miwili, lau angekuwa na nguvu za mtu mzima, hapangekuwa na nyumba iliyosimama.

Hapa ndipo tulipopata faida kubwa. Sisi tulikuwa tukiuliza, "Nani amemfunza mtoto huyu kupiga?" ilhali suala la haki ni hili: "Nani hajamfunza kuacha?" Mkono huja na mtoto, na hasira huja naye. Kinachofunzwa ni kuuzuia mkono, kuisema hasira kwa maneno, kungoja zamu, na kuona kuwa mwenzako naye huumwa. Na kinachofunzwa kwa kuona, kama alivyoonyesha Bandura, ni nani apigwaye na nani asiyepigwa, saa gani hupigwa, na kwamba mkubwa mwenye nguvu ana ruhusa. Habari hizi mbili hazigombani. Moja yatwambia mtoto huja na nini, na ya pili yatwambia sisi twamwongeza nini.

Pengine atatokea msomaji aseme: "Je, mtoto hazaliwi katika maumbile safi? Vipi mwasema huja na mkono wa kupiga?" Twamjibu kuwa usafi wa maumbile si ukamilifu wa tabia. Shamba lililosafishwa halina magugu, lakini halina mtama pia. Mtoto akimpiga mwenziwe ili apate tunda, hana uovu moyoni, ila bado hajapata njia nyingine. Ndiyo maana sheria yetu haimwandikii mtoto dhambi mpaka abaleghe. Basi yule mzazi aliyeuliza kama kosa ni la mwanawe amekwisha kupata nusu ya jawabu. Kalamu haijamwandikia mwanawe kitu, lakini kalamu ya baba haikusimama.

Sasa tuiendee bakora, kwa kuwa tukiipita tutakuwa tumewadanganya wasomaji wetu. Wazee wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na kila anayetaka kumpiga mtoto huitanguliza methali hii. Lakini je, mmepata kumwona mtu akimkunja samaki kwa kumpiga? Samaki hukunjwa kwa mkono wa taratibu, naye akipigwa huvunjika nyama akawa hafai kwa kupikwa wala kwa kukaushwa. Wakasema pia, mchelea mwana kulia hulia yeye. Haya ni maneno ya kweli, lakini hayakusema mtoto alizwe kwa fimbo. Mtoto hulia anaponyimwa, anapozuiwa, anapolazimishwa kurudisha alichonyang'anya na kuomba radhi. Machozi hayo ndiyo tusiyoyachelea. Anayempiga mwanawe na kumwacha na kile alichonyang'anya amemliza bure.

Tena tutazame natija. Mwaka 2010 ulifanywa uchunguzi wa nchi nzima ya Kenya juu ya ukatili kwa watoto. Waliulizwa vijana wa miaka 18 hadi 24 yaliyowafika kabla ya kutimiza miaka 18. Katika kila wanawake 100, 66 walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwili. Katika kila wanaume 100, walikuwa 73. Kama kipigo kingekuwa dawa ya ukali, nchi yetu ingekuwa imekwisha pona, wala asingebaki mkali hata mmoja. Na mwaka 2007 Profesa David Ndetei na wenziwe walitangaza habari za wanafunzi 1,012 wa skuli 17 za sekondari mjini Nairobi. Wengi mno miongoni mwao walisema wameonewa na wenzao kwa namna moja au nyingine. Na walioonewa ndio waliokuwa karibu zaidi na kuwa waoneaji. Yaani kipigo hakiishii kwa aliyepigwa. Hupita katika mwili wake kikatoka upande wa pili, kikamtafuta aliye mdogo kuliko yeye.

Serikali ilifuta viboko skulini mwaka 2001. Katiba ya mwaka 2010 ikampa mtoto haki ya kulindwa na kila namna ya ukatili, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza tena. Twakiri mbele yenu kuwa baadhi yetu tulioandika maneno haya tulikuwa tukifundisha chuoni baada ya mwaka 2001, na bakora ilikuwa juu ya mbao za ukuta, mahali ambapo kila mtoto aliiona aingiapo. Tulijidanganya kuwa sheria ile ni ya skuli, nasi ni chuo. Watoto walihifadhi sura kwa hofu, na wengi wao walipokua waliziacha sura zile pamoja na hofu yake.

Tulipokuwa katika uchunguzi huu, mmoja wetu alitukumbusha mama aliyekuwa yaya nyumbani kwao Mombasa, miaka mingi iliyopita, mtu wa Mbumbuni, Ukambani. Alisema, "Sisi tulikuwa ndugu saba na hakuna aliyejua kutunyamazisha ila yeye. Twende tukamwulize." Wengine tulicheka. Tumsafirie mtumishi ili atufundishe malezi? Kisha tuliona kuwa kicheko kile chenyewe ni maradhi, tukasafiri.

Mbumbuni ni mji mdogo wa soko katika upande wa Mbooni, Kaunti ya Makueni. Twataka kusema wazi kuwa watu wa huko si wageni kwetu. Misafara ya Wakamba ilikuwa ikileta pembe pwani katika karne ya kumi na tisa, na wachonga vinyago wa Changamwe ni jirani zetu wa siku nyingi. Hata hivyo, katika nyumba zetu nyingi mtu wa huko hujulikana kwa kazi na kwa kabila tu. Mama yule, kwa miaka yote aliyokaa katika nyumba ile, aliitwa "Mkamba." Tulipofika kwao tuliona haya ya pili, kwani hatukujua tuulizie jina gani. Ilibidi tueleze sura yake na miaka aliyokaa pwani, ndipo tukaelekezwa. Kijana aliyetuongoza alimwita "mwaitu," yaani mama yetu, kama wanavyomwita huko mwanamke mtu mzima kwa heshima.

Alitupokea vizuri, akatupa chai. Tulipokuwa tumekaa uani, wajukuu wawili wakagombania kigari cha waya. Mkubwa akamsukuma mdogo, mdogo akaanguka akachunika goti. Sote tulimtazama bibi yao tuone atafanyaje. Hakuinua sauti. Alimwita mkubwa, akamshika mkono uleule uliosukuma, akamkalisha karibu yake mpaka pumzi zake zikatulia. Kisha akamwuliza ametaka nini na amepata nini. Mtoto akasema. Akamwambia alete maji amwoshe nduguye goti. Mtoto hakutaka, akalia, na bibi hakuyaogopa machozi yake. Alingoja. Mwishowe maji yakaletwa, na yule aliyesukuma ndiye aliyeosha. Kigari kikawekwa juu ya paa, hakichezewi na yeyote siku ile.

Tulimsifu. Ndipo akamgeukia mwenzetu aliyelelewa naye, akamwambia kwa upole, kama mtu anayekumbusha habari ya mvua ya zamani: "Mwanangu, wewe ulikuwa ukinipiga mimi. Ulikuwa na miaka minne, mitano. Ulikuwa ukinipiga kwa kijiko cha mti, na mama yako akicheka, akisema mwanaume huyo. Ukimpiga dada yako, ulikuwa ukirudiwa. Ukinipiga mimi, hakuna aliyesema neno. Mimi nilitaka kukufundisha, lakini sikuwa na ruhusa ya kukushika mkono."

Mwenzetu hakujibu. Njia nzima ya kurudi, tangu Emali mpaka Mtito Andei, hakusema neno. Tulipoingia Mombasa alisema: "Mimi nilifunzwa kutopiga. Nilifunzwa vizuri sana. Ila nilifunzwa pia kuwa kuna watu ambao kuwapiga si kupiga."

Ndugu wasomaji, maneno haya yalitufunua macho kuliko hesabu zote tulizosoma. Yule mzazi wa darsani alihesabu makosa matatu ya mwanawe: chuoni, kwa nduguye, na kwa mtumishi. Tulimwuliza baadaye, kwa siri, ni kosa lipi alilomwadhibu nalo zaidi. Alisema la chuoni, kwa kuwa mwalimu alileta mashitaka. Na la kikombe? Alisema mtumishi alipewa fedha za dawa. Mtoto akaadhibiwa nini? Akanyamaza. Basi mtoto yule si mjinga. Amesoma sheria ya nyumba yake akaihifadhi.

Na tusidhani kuwa ukali ni wa mkono peke yake. Mwaka 1961 na 1962 kundi la wataalamu wa Marekani lilikuja Afrika Mashariki kuwachunguza watu wa makabila manne: Wakamba, Wahehe, Wapokoti na Wasebei. Walitaka kujua kama maisha ya kulima na maisha ya kuchunga hubadilisha tabia. Robert Edgerton aliwahoji mamia ya watu, akachapisha kitabu chake mwaka 1971. Miongoni mwa aliyoyaona ni haya: wafugaji, wakikasirika, huidhihirisha hasira yao waziwazi, na wakulima huificha, ikatoka kwa siri, kwa masengenyo na tuhuma za uchawi. Sababu iliyotajwa ni kuwa mchunga aliyegombana na jirani aweza kuhama na ng'ombe wake, lakini mkulima ni mfungwa wa shamba lake, na adui yake atamwona kila asubuhi.

Kama ni hivyo kwa wakulima, itakuwaje kwetu sisi watu wa miji ya mawe, ambao ukuta wa mmoja ni ukuta wa mwenziwe, na dirisha latazama dirisha? Sisi hatupigani barabarani, na kwa hilo twajisifu kuwa tu waungwana. Lakini tuna kijembe, tuna fumbo, tuna kanga inayovaliwa apite nayo mbele ya mlango wa fulani, tuna salamu isiyoitikiwa, na harusi isiyoalikwa mtu. Watoto waona yote. Msichana anayewaambia wenzake "tusicheze na yule" amepiga, ingawa mkono wake umetulia. Mama anayecheka kwa hilo ni sawa na yule aliyecheka kijiko.

Tuje sasa katika fundo la pili. Tukisema mtoto ametendewa ndipo akatenda, baba naye atasema: mimi nami nilitendewa. Atamtaja babu, na babu atamtaja mwalimu wake, na mwalimu atamtaja aliyemfunza. Tukienda hivyo tutafika makaburini, na maiti hawaulizwi na mahakama yetu. Je, basi hakuna wa kuulizwa? Hii ni hoja nzito, na wako wanaoitumia kujitoa. Jawabu letu ni kuwa kuna masuala mawili, nasi huyachanganya. Suala la "nani aliyeanza" ni la nyuma, na faida yake ni ndogo. Suala la "nani aliye na uwezo wa kukata" ni la leo. Mnyororo wa vipigo hauwezi kukatwa na babu aliyekwisha kufa, wala na mtoto wa miaka minane ambaye hajui mwingine. Waweza kukatwa na yule aliye mkubwa leo, mwenye akili na mwenye nguvu. Kwa hiyo yeye ndiye wa kuulizwa. Haulizwi kwa sababu ni mwovu kuliko waliomtangulia, bali kwa sababu zamu ni yake. Aliyepigwa utotoni akaja kuwa mzazi asiyepiga ametenda jambo kubwa, maana amelipa deni ambalo hakulikopa yeye.

Lakini je, mtu mmoja aweza kulilipa peke yake? Hapa twaingia katika fundo la tatu. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtaalamu Emmy Werner na wenziwe waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, kwa miaka mingi mpaka wakawa watu wazima. Kiasi cha theluthi yao walizaliwa katika taabu nyingi: ufakiri, magomvi ya nyumbani, wazazi walevi au wagonjwa. Mtu angedhani wote watapotea. La. Katika hao wa taabu, mmoja katika watatu alikuwa mtu mzima mwema, mwenye kujiweza na mwenye kuwajali wenzake. Walipotafuta siri, waliona mambo kadhaa, na mawili twayataja hapa. La kwanza, kila mmoja wao alikuwa na walau mtu mzima mmoja aliyemshika kwa mapenzi, kama si mzazi basi bibi, shangazi, jirani au mwalimu. La pili, wengi wao walikuwa wamepewa kazi ya kweli ya kuwafaa wengine, kama kulea wadogo wao.

Jambo la pili lathibitishwa na habari ya hapa petu Kenya. Mwaka 1973 Carol Ember alitangaza uchunguzi wake juu ya watoto wa Kijaluo wa Oyugis. Katika nyumba zilizokosa binti mkubwa, mvulana hutwikwa kazi zihesabiwazo kuwa za kike, kama kulea mtoto, kuteka maji na kupika. Wavulana hao walionekana kuwa na ukali mchache kuliko wenzao, na wepesi zaidi wa kusaidia. Sisi tumewaharamishia wavulana wetu ufagio, tukidhani twawahifadhia uanaume, na kumbe twawanyima chuo cha huruma. Na hali Mtume wetu, kama ijulikanavyo, alikuwa akiwasaidia watu wa nyumba yake kazi zao.

Na mtoto asipopata wa kumsikiliza huwaje? Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi mwaka 2001, katika skuli ya Kyanguli huko Machakos, bweni liliungua na wavulana 67 wakafa. Wanafunzi wenzao wawili walishitakiwa kwa kuuwasha moto ule. Mwaka 2016 skuli zaidi ya mia moja nchini ziliwashwa moto. Hatusemi kuwa moto una udhuru. Twasema kuwa moto ni neno la mwisho la mtu ambaye maneno yake ya mwanzo hayakupata sikio, na nchi inayongoja neno la mwisho ndipo isikilize itazika watoto.

Tulipokuwa Mbumbuni tuliyatazama matuta ya mashamba. Nchi ile ya Machakos ya zamani, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake, ilikuwa ikichukuliwa na maji katika miaka ya 1930, hata maofisa wa kikoloni walidhani imekwisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa baina ya mwaka 1930 na 1990 watu wake waliongezeka zaidi ya mara tano, na juu ya hayo udongo ukahifadhika zaidi kuliko mwanzo. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na vikundi vya mwethya, yaani jirani wakutanao kulima na kuchimba shamba la huyu leo na la yule kesho, na wengi wao ni wanawake. Tulielewa mambo mawili. Tuta halizuii mvua. Huyapunguza mbio maji, likayashika, yakalisha badala ya kubomoa. Hivyo ndivyo alivyofanya mwaitu na hasira ya mjukuu wake. Na jambo la pili, mtu mmoja hachimbi matuta ya mlima mzima. Mkono mmoja haulei mwana, wasema wazee, na methali hii twaitaja katika harusi tukaisahau nyumbani.

Asije mtu akasema kuwa haya ni mambo ya wageni. Huko huko Makueni, Profesa Ndetei na Daktari Victoria Mutiso waliwafundisha wahudumu wa afya wa vijijini, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kuitambua huzuni ya moyo na kumpeleka mgonjwa hospitali. Na pwani yetu, Profesa Amina Abubakar alifanya kazi Kilifi kutafuta vipimo vya makuzi ya watoto vinavyolingana na maisha yao. Elimu iko mlangoni, na anayeiita ngeni ni yule asiyetaka kufungua.

Basi kwa mzazi aliyetuuliza, na kwa kila mwenye mwana, hili ndilo jawabu letu.

Kwanza, uzuie mkono upigao kila mara, bila ya kuchagua nani amepigwa. Nyumba yenye sheria mbili, moja ya ndugu na moja ya mtumishi, hulea mwonevu hata ikiwa na ibada nyingi. Mwanao na amwoshe jeraha aliyemjeruhi, na amwombe radhi kwa jina lake. Na wewe ulijue jina hilo.

Pili, iache bakora, wala usiiache kwa kumwachia mtoto. Kuzuia, kungoja, kunyima na kulazimisha kurudisha haki ni kazi ngumu kuliko kupiga. Ndiyo maana wengi hupiga. Na huko Montreal wavulana wakali walipofundishwa kuishi na wenzao, na wazazi wao wakafundishwa kulea, kwa miaka miwili tu, walipofika umri wa miaka 24 wengi zaidi miongoni mwao walikuwa wamemaliza skuli, na wachache zaidi walikuwa na mashitaka, kuliko wenzao wasiofundishwa.

Tatu, mpe mvulana ufagio, ndoo na mtoto wa kumbeba.

Nne, na hili latuhusu sisi wa darsa: kila mtoto wa mtaa awe na mtu mzima mmoja, asiyekuwa mzazi wake, ambaye aweza kumwendea akasikilizwa. Tumeanza kwa kuandika majina ya watoto wa chuo chetu, na mbele ya kila jina twaandika la mtu mzima aliyekubali. Mpaka leo majina mengi ya watoto hayana jina la pili. Msomaji mwenye nafasi na aje ajiandikishe.

Mtoto yule wa miaka minane bado hupiga. Baba yake ametuambia kuwa sasa hupiga na kisha humtazama, kama anayengoja kuona sheria imebadilika kweli au la. Yule mtumishi alirudi kwao kabla hajaombwa radhi. Baba amepata jina lake na mahali alipo, na ameazimu kwenda naye mwanawe likizo ijayo. Bakora ya chuoni tumeishusha. Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe subira ya kutoipandisha tena.